Kumpima Kondoo Dume Kabla ya Kumwuza

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya hasara moja ambayo nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo huipata kila mwaka bila kuijua.

Mtu ana kondoo majike wanane au kumi. Wamezaa, na katika wana-kondoo wa kiume mmoja awapita wenzake wote: kifua kipana, mgongo umenyoka, malishoni ndiye atanguliaye. Kisha haja ya fedha hufika, maana haja haina adabu ya kubisha hodi. Labda ni sare za shule, labda ni dawa ya mgonjwa, labda ni arusi. Mchuuzi aitwa, atazama zizini, naye hunyosha kidole kwa yule yule mzuri. Huyo huuzwa, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Anayebaki ni yule mnyonge ambaye mchuuzi alimkataa. Basi huyo aliyekataliwa ndiye atakayekuwa baba wa wana-kondoo wote wa mwaka ujao.

Je, yuko mkulima wa maharagwe katika nchi yetu ya milima ambaye huuza punje zote nzima, akajiwekea za mbegu zile zilizotobolewa na fukusi? Hayuko. Walakini jambo tusilolitenda katika shamba twalitenda katika zizi, kisha twauliza, "Mbona kondoo wa siku hizi wamekuwa wadogo?"

Kwa nini dume mmoja ana uzito kuliko jike mmoja

Hesabu yake ni nyepesi. Jike mmoja asiposhika mimba, umepoteza mwana-kondoo mmoja, au wawili kama yu katika wazaao mapacha. Lakini dume mmoja akiwa hana nguvu ya uzazi, na majike yako ni ishirini, umepoteza wana-kondoo ishirini. Tena hutajua upesi. Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Basi utakaa ukingoja, ukidhani wote wamebeba, hata msimu umekwisha na zizi ni kimya.

Lakini hata akiwapa mimba wote, bado tazama: kila mwana-kondoo huchukua nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba. Mama zao ni wengi na wa namna nyingi, bali baba ni mmoja. Ukimchagua vema huyo mmoja, umegusa kundi zima kwa mara moja.

Kondoo wetu ni wa namna gani

Kondoo wa asili katika nchi hizi ni wa jamii ya wenye mkia mrefu wa mafuta, ambao huonekana pia kwa jirani zetu wa Burundi na Rwanda. Si wakubwa, wala hawana sufi nene kama kondoo wa Ulaya; wana manyoya mafupi. Mkia wao ni ghala: wakati wa mvua, majani yanapokuwa mengi, huwekwa akiba ya mafuta humo, na wakati wa kiangazi, toka mwezi wa Juni hata Septemba, hutumia akiba hiyo. Basi mtu asimdharau kondoo wetu kwa sababu ya kimo chake. Amezoea nchi hii, na nchi imemzoea.

Katika miaka ya 1990, huko Diani katika pwani ya Kenya, wataalamu waliwafuga pamoja kondoo wa Dorper, ambao asili yao ni Afrika Kusini, na kondoo wekundu wa Kimasai. Wa Dorper walikuwa wakubwa kwa mwili. Lakini katika nchi ile yenye unyevu na minyoo mingi walikufa wengi zaidi, na wale wekundu, ijapokuwa ni wadogo, wakaacha faida kubwa kuliko wao. Twajifunza nini? Ya kuwa ukubwa wa mwili ni jambo moja, na kufaa kwa kazi ni jambo jingine. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Vipimo vinne

Vifaa havina gharama kubwa: utepe wa kupimia kama ule wa fundi cherehani, kalamu, na daftari. Wazee walipima kwa shibiri, na shibiri ni njema, lakini shibiri yangu si yako. Leo tutakubaliana, kesho tutabishana. Utepe hauna upendeleo.

Msimamishe mnyama mahali palipo sawa, miguu yote minne ikiwa imekanyaga vema, na mtu mwingine amshike kichwa kwa upole. Kisha pima:

1. Mzunguko wa kifua. Zungusha utepe nyuma ya miguu ya mbele, upite juu ya mgongo nyuma ya mabega. Ukaze kidogo tu, usimbane.

2. Urefu wa mwili. Anza kwenye ncha ya bega, uende hata mwisho wa mfupa wa tako.

3. Kimo. Pima toka ardhini hata juu ya mabega. Fimbo iliyonyoka na kutiwa alama yafaa kwa kazi hii.

4. Mzunguko wa korodani. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hawakijui, nacho ndicho kikubwa kwa dume wa mbegu.

Tunajua kwamba wako watakaoona haya kutajiwa jambo hili katika karatasi isomwayo na watoto. Lakini mtoto achungaye kondoo ameyaona haya yote malishoni, na mama afugaye anayajua kuliko sisi. Si aibu kuvitaja viungo kwa majina yake. Aibu ni kuliacha kundi liharibike kwa sababu ya kunyamaza.

Kwa nini korodani hupimwa

Mwaka 1957, wataalamu wawili wa Marekani, Willett na Ohms, walionyesha kwamba mafahali wenye korodani kubwa hutoa mbegu nyingi za uzazi. Baadaye jambo hilo hilo lilithibitika kwa kondoo. Kila gramu moja ya korodani ya kondoo dume aliye mzima hutengeneza mbegu zipatazo milioni 20 kwa siku moja. Basi dume mwenye korodani za gramu 200 kwa jumla hutengeneza mbegu bilioni 4 kwa siku, na mwenye gramu 100 hutengeneza nusu yake tu. Huyu wa pili aweza kutosha kwa majike watatu au wanne, lakini majike wengi wakipata joto katika juma moja, atachoka naye atawaacha wengine watupu.

Hatuwezi kuzitia korodani katika mizani, maana mnyama yu hai. Lakini mzunguko wake hutuambia uzito wake kwa karibu sana. Tena sifa hii hurithiwa kwa kiasi. Watoto wa kiume wa dume mwenye korodani kubwa huelekea kuwa kama baba yao.

Namna ya kupima ni hii. Piga goti nyuma ya mnyama. Kwa mkono wa kushoto shika shingo ya mfuko kwa juu, uzisukume korodani taratibu hata zifike chini kabisa, zikae pamoja. Usitie kidole katikati yake, maana utazitenganisha na kipimo kitakuwa cha uongo. Kwa mkono wa kuume zungusha utepe mahali palipo panene kupita pote, usome. Achilia, kisha pima mara ya pili. Vipimo viwili vikitofautiana sana, pima mara ya tatu. Usipime asubuhi ya baridi kali, kwa kuwa mfuko hujikunja; ngoja jua lipande.

Kipimo gani ni chema

Vitabu vya nchi za ng'ambo husema kwamba dume wa miezi 8 hata 14 awe na mzunguko wa sentimita 30 na zaidi, na aliyepita umri huo awe na 33. Lakini hesabu hizo zilifanywa kwa kondoo wakubwa ambao dume wao hupita kilo 80. Mtu akimpima dume wetu kwa sheria hiyo atawakataa wote, naye atakuwa amekosea.

Njia iliyo salama ni kuwalinganisha wetu kwa wetu. Jirani watano au sita wakusanye madume wao wa umri mmoja, wawapime siku moja na mtu mmoja, kwa utepe mmoja. Wapangwe toka wa kwanza hata wa mwisho. Wale wa theluthi ya juu ndio wa kuchaguliwa. Wale wa mwisho wasiachwe kupanda. Tena msilinganishe kipimo cha Aprili na cha Septemba, kwa kuwa kiangazi hupunguza mwili na korodani pia.

Na tufanye mfano. Tuseme kuna madume watatu wa mwaka mmoja. Mweusi ana kifua sentimita 78, urefu 64, korodani 21. Mwekundu ana kifua 75, urefu 62, korodani 26. Madoa ana kifua 68, urefu 58, korodani 22.

Kama hamna mizani, uzito hukisiwa hivi: zidisha kifua kwa kifua, kisha zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,838. Jibu ni kilo. Mweusi atakuwa na kilo 36, Mwekundu 32, na Madoa 25. Ni kisio tu, wala hesabu hii haikutungwa kwa kondoo wa Buha; mkipata mizani, pimeni wachache na kuona inapotoka kwa kiasi gani. Ninyi walimu mwaweza kuwapa wanafunzi wa darasa la juu hesabu hii, nao watajua kwamba kipeo cha pili hakikutungwa kwa ajili ya mtihani peke yake.

Basi mchuuzi akija atamtaka Mweusi. Mpe! Mwili wake ni mkubwa, bali uzazi wake ni haba kuliko wenzake. Atakupa bei nzuri, na kundi halitapungukiwa. Mwekundu ndiye wa kubaki, hata ukiongezewa shilingi. Na Madoa je? Uliza kwanza habari za kuzaliwa kwake. Kama alizaliwa pacha na kugawana maziwa na nduguye, au alizaliwa kiangazi majani yalipokauka, udogo wake si wa urithi, ni wa njaa. Tena kwa mwili wake mdogo, korodani zake si haba. Huyo apewe miezi mitatu ya malisho mema, apimwe tena.

Hapo mwaona faida ya utepe. Jicho peke yake lingemweka Mweusi na kumwuza Mwekundu, au lingewauza wote wawili.

Utepe hausemi yote

Baada ya kupima, tumia mkono na macho.

Papasa korodani moja moja. Ziwe sawa kwa ukubwa, zicheze ndani ya mfuko, na ziwe imara kama msuli wa mkono uliokunjwa ngumi. Zikiwa laini na kulegea, au ngumu kama jiwe, au kuna uvimbe, au moja haikushuka, mnyama huyo asipewe majike, hata kipimo chake kikiwa kikubwa. Uvimbe nao huongeza mzunguko. Basi utepe peke yake waweza kukudanganya.

Tazama meno. Akibadili mawili ya mbele, amepita mwaka mmoja. Akibadili manne, yu karibu na miaka miwili. Tazama kwato na miguu ya nyuma, maana dume mwenye kuchechemea hapandi. Funua kope: ndani pakiwa pekundu, vema, pakiwa peupe, damu imefyonzwa na minyoo, na yapasa atibiwe kwanza. Papasa uti wa mgongo: asiwe mifupa mitupu, wala asinenepe hata akahema.

Hasa kwa ninyi wa Kibondo, angalieni habari za mbung'o. Nchi yenu imepakana na mapori ya Moyowosi, na historia yake yajulikana: katika miaka ya 1930 watu walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa kwa sababu ya malale. Ugonjwa wa ndorobo, ambao mbung'o huwaletea wanyama, hauishii katika kumkondesha kondoo. Kwa dume huingia katika korodani, ukaziharibu, zikanywea. Akitibiwa aweza kunenepa tena na kupendeza macho, na huku uzazi wake haujarudi. Dume aliyepata kuugua namna hiyo apimwe upya na kupapaswa upya kabla ya kuaminiwa.

Kadhalika homa yo yote kali huharibu mbegu. Toka mbegu inapoanza kufanyika hata kuwa tayari hupita kama siku 60. Kwa hiyo dume aliyeugua leo ahesabiwe kuwa mgonjwa kwa miezi miwili; na ukitaka akupe kazi njema, anza kumlisha vema miezi miwili kabla.

Mwisho, mjaribu. Changanya udongo mwekundu na mafuta, umpake kifuani. Kila jike ampandaye atakuwa na alama kiunoni. Andika siku. Jike asiyeshika mimba hupata joto tena baada ya siku kama 17. Basi siku hizo zikipita, mpake masizi badala ya udongo. Majike wachache wakipata alama nyeusi juu ya nyekundu, si neno. Wakiwa wengi, kosa li kwa dume, nawe umelijua katika mwezi wa kwanza, si katika wa sita. Dume aliyekomaa apewe majike 25 au 30, na kijana asipite 15.

Daftari na jirani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni siku ya kuzaliwa, jina la mama, kama ni pacha au mmoja, na vipimo vya miezi sita na vya mwaka. Kila nyumba yenye mtoto wa shule inaye karani tayari.

Madume wasiochaguliwa wahasiwe wangali wadogo, au watengwe. Mwana-kondoo wa kiume aweza kupanda akiwa na miezi sita tu, naye hajui dada wala mama. Na dume mteule mwenyewe asikae mno: ukipita mwaka mmoja toka aanze kazi, binti zake wa kwanza wamekuwa tayari kupandwa. Hapo mbadilishane na jirani wa kijiji kingine, dume kwa dume, na daftari zenu zikiwa mkononi. Akisafirishwa mbali, mwone Bwana Mifugo kwa ajili ya kibali na kuangaliwa afya yake.

Jambo hili si ndoto. Huko Ethiopia, tangu 2009, wafugaji wadogo wa Bonga, Horro na Menz wamejiunga pamoja. Wana-kondoo wao huandikwa na kupimwa, madume bora huchaguliwa na wenyewe wakiwa wamekaa pamoja, na dume mmoja hutumika kwa nyumba nyingi. Hawakuanza kwa kununua kondoo wa ng'ambo. Walianza kwa kuacha kuuza walio bora.

Hapa ndipo penye ugumu, wala hatutaki kuuficha. Ni vyepesi kuandika "usimwuze" kwa mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa. Ndiyo maana twasema jambo hili lifanywe na jirani pamoja. Nyumba tano zikikubaliana kwamba dume fulani ni wa wote, basi mwenyewe akipata shida, wengine wachange, wamlipe bei ya mchuuzi, na dume abaki kijijini. Kila mmoja atatoa sehemu ndogo, na kila mmoja atapata wana-kondoo wake.

Kwa hiyo wakati mchuuzi atakapobisha hodi, mkaribisheni, mpeni kiti, na mumwambie angoje kidogo. Leteni kwanza utepe na daftari. Kisha mwuzieni yule ambaye ninyi mmemchagua kumwuza.